Marufuku ya vepu za kutupa Uingereza: mwenye duka ajipange vipi kabla tarehe haijafika?

Leo tuweke uchaguzi na mipira pembeni kidogo tuongee biashara, ingawa siasa nayo imo humo humo.

Mnakumbuka Juni 1, 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki? Basi tarehe hiyohiyo, miaka 6 baadaye, yaani Juni 1, 2025, Uingereza nayo ilipiga marufuku kitu chake: sigara za kielektroniki za kutumia mara moja, zile vepu za kutupa. Unazijua. Rangi za kung'aa, ladha ya embe, tikiti maji, sijui zabibu, unavuta siku moja au mbili, ikiisha unatupa na kununua nyingine kwa kama pauni 5.

Najua wapo watakaouliza, sisi inatuhusu nini? Inatuhusu. Mosi, ndugu zetu wengi walioko Uingereza, awe Mtanzania, Mkenya, Mkongo au Mzanzibari, ama wana viduka vya mtaani ama wamesimama nyuma ya kaunta ya mtu. Pili, sheria za namna hii husafiri. Ubelgiji ilitangulia Januari 1, 2025. Ufaransa ikafuata Februari 2025. New Zealand nayo Juni 2025. Uganda ndiyo ilikwenda mbali kabisa tangu zamani, sheria yake ya tumbaku ya 2015 ilikataza sigara za kielektroniki zote, za kutupa na zisizo za kutupa. Kwa hiyo mwenye duka Kariakoo au Nairobi aliyejaza kabati lake vitu hivi asijidanganye kuwa yeye ni kisiwa.

SHERIA YENYEWE INASEMAJE?

Hapa ndipo wengi walipochanganya mambo, twende taratibu.

Sheria ya Uingereza haikupiga marufuku vepu zote. Imepiga marufuku zile ambazo hazikutengenezwa kutumika tena. Ili vepu ihesabike kuwa ya kudumu lazima ipite mitihani yote, siyo mmoja tu. Betri iwe ya kuchajiwa. Kimiminika kiwe cha kujazwa tena, ama kwa kumimina kutoka chupani ama kwa kubadilisha kile kidumu chake kidogo, podi. Na ile koili inayochoma kimiminika iweze kubadilishwa na mtu wa kawaida, na kipuri chake kipatikane dukani kwa kununuliwa peke yake.

Kwa maana hiyo, vepu yenye tundu la chaji lakini ukimaliza kimiminika huwezi kujaza, hiyo bado ni ya kutupa. Kuna wauzaji walipewa mzigo na wasambazaji wakaambiwa "hii ina chaji, hii salama". Si salama! Na haijalishi kama ina nikotini au haina. Na haijalishi unauza dukani au kwenye intaneti.

Adhabu? Kwa England, ukikamatwa mara ya kwanza ni faini ya pauni 200 na mzigo kuchukuliwa. Ukirudia, kesi inaweza kukupeleka kwenye faini isiyo na kikomo au kifungo cha hadi miaka 2. Wanaopita kukagua ni maofisa wa Trading Standards, watu wa halmashauri, na hawaji na tarumbeta. Kingine ambacho watu hawakukisoma vizuri: kosa siyo kuuza tu. Kugawa bure ni kosa, na kukaa na mzigo kwa nia ya kuuza ni kosa pia. Kwa hiyo ile ya kusema "nimeficha chini ya kaunta kwa ajili ya wateja wangu wa siku zote" ni kujitengenezea ushahidi mwenyewe.

KWA NINI WALIAMUA HIVYO

Serikali ilitoa sababu kubwa mbili, watoto na takataka.

Kuhusu watoto, kuuza vepu kwa mwenye umri chini ya miaka 18 ilikuwa kosa England tangu Oktoba 2015, lakini vitu vya rangi na vya bei ndogo vikaingia mashuleni hivyo hivyo. Kuhusu takataka, takwimu ambazo serikali yenyewe ilizitumia ni kwamba mwaka 2023 karibu vepu za kutupa milioni 5 zilikuwa zinatupwa KILA WIKI Uingereza, ama barabarani ama kwenye pipa la kawaida. Vepu zilizotupwa mwaka 2022 zilikuwa na zaidi ya tani 40 za lithiamu, madini yanayotosha kutengeneza betri za magari ya umeme kama 5,000. Lithiamu hiyo ikibanwa ndani ya gari la taka inawaka. Wazoa taka wamepambana sana na moto wa aina hiyo.

Ukifikiria vizuri ni ajabu. Congo na Chile watu wanachimba ardhi kutafuta madini ya betri, halafu betri yenye uwezo wa kuchajiwa mamia ya mara inatumika siku mbili na kutupwa na ganda la ndizi.

MUDA ULIKUWEPO, SHIDA ILIKUWA HESABU

Sasa tulinganishe. Tanzania, Waziri Mkuu Majaliwa alitangaza bungeni Aprili 9, 2019, marufuku ikaanza Juni 1. Siku 53. Mwenye kiwanda cha mifuko alipata hizo tu. Kenya walitoa tangazo mwishoni mwa Februari 2017, marufuku ikaanza Agosti 28, miezi 6. Uingereza je? Serikali ya Rishi Sunak ilisema nia hiyo Januari 2024. Uchaguzi ukaja, Labour wakaingia, na Oktoba 2024 wakathibitisha tarehe. Yaani kutoka uthibitisho mpaka marufuku ni zaidi ya miezi 7, na kutoka tangazo la kwanza ni miezi 16.

Pamoja na muda wote huo bado kuna waliofika Juni 1 na maboksi stoo. Kwa nini? Nadhani sababu siyo uzembe tu. Vepu ya kutupa ilikuwa inalipa. Mteja anarudi kila baada ya siku mbili, na akirudi ananunua na soda na chips. Nani anataka kuacha kuagiza kitu kinachotoka kila siku? Halafu tarehe ilipokaribia wasambazaji wakashusha bei ili wao waondoe mzigo wao. Muuzaji mdogo akaona bei nzuri, akabeba. Wadau, ukiona mtu mkubwa anakuuzia kwa bei ya bure, jiulize yeye anakimbia nini.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Tuseme una vepu 400 stoo na kwa wastani unauza 50 kwa wiki. Mzigo huo unakwisha wiki 8. Basi siku yako ya mwisho kuagiza ni wiki 8 kabla ya tarehe, na ukiwa na akili unaongeza wiki 2 za tahadhari, kwa sababu wiki za mwisho wateja wengine wameshahama. Kama kila moja ulinunua pauni 3, hizo 400 ni pauni 1,200 za mtaji. Kwa duka dogo hiyo ni kodi ya pango. Ndiyo maana nasema suala hili siyo la mazingira tu, ni la mtu kufunga duka au kutofunga.

MAMBO YA KUFANYA

Kwa aliyeko mahali ambako marufuku inanukia, haya ndiyo ninayoyaona kutokana na yaliyotokea Uingereza.

1. Hesabu mzigo mapema, kwa aina. Usihesabu "vepu" kwa jumla. Kuna ladha inatoka 20 kwa wiki na nyingine inatoka 2. Hiyo ya 2 ndiyo itakayokuangusha. Anza kuipunguzia bei miezi kabla, siyo wiki ya mwisho ambapo mtaa mzima unapunguza bei.

2. Ongea na msambazaji kwa maandishi. Muulize, zikibaki atazipokea? Kama anakubali, aandike. Kama hakubali, agiza kidogo kidogo kila wiki badala ya kubeba shehena. Bei ya jumla itakuwa juu kidogo, lakini ni bora hasara ya peni chache kuliko boksi zima.

3. Chunguza kila bidhaa mpya kwa mitihani ile mitatu. Inachajiwa? Inajazwa? Vipuri vinauzwa peke yake? Na hapa kuna mtego: kuiita "ya kudumu" kwenye boksi haitoshi kama wewe huuzi podi wala koili zake. Ukiingiza aina moja ya kifaa, ingiza na vipuri vyake. La sivyo mteja atakitupa kifaa kama alivyokuwa anatupa zamani, na ofisa akija maswali yatakuwa kwako.

4. Elewa kuwa faida imehama. Zamani faida ilikuwa kwenye kifaa kizima kila mara. Sasa kifaa kinanunuliwa mara moja, faida iko kwenye vipuri na kimiminika. Vepu ya kutupa ilikuwa na mililita 2, maana ndiyo kikomo cha sheria kule. Chupa ya kimiminika ina mililita 10, sawa na vepu 5 za zamani. Mteja aliyekuwa anaacha pauni 25 kwa vepu 5 sasa anaweza kuacha pauni 4 au 5 kwa chupa, na koili mara moja moja. Kwake ni nafuu kubwa. Kwako wewe mapato kwa mteja yanashuka, kwa hiyo pangilia upya kabati na mtaji wako ukijua hivyo. Wengine waliona kabati lile bora liingie kitu kingine kabisa, na si kosa.

5. Fundisha wahudumu. Mteja wa miaka 60 aliyeacha sigara kwa kutumia vepu za kutupa hajui kubadilisha koili. Dakika 3 za kumwonyesha zitamfanya awe wako miaka. Ukimjibu "hazipo, zimefungiwa", ataenda kwa anayeuza za magendo, au vibaya zaidi atarudi kwenye sigara zenyewe. Na umri uulizwe kama kawaida, maana sheria ya miaka 18 haikwenda popote.

6. Panga mahali pa kurudishia kuukuu. Uingereza muuza vepu anatakiwa apokee vepu iliyokwisha mteja anaponunua mpya. Weka chombo maalumu, mbali na joto na mbali na makaratasi, na usipasue wala kuponda. Tafuta kampuni yenye leseni ya kuchukua taka za umeme kabla ya tarehe, kwa sababu baada ya tarehe kila mtu atakuwa anaitafuta.

7. Zikibaki, ziondoe kaunta siku hiyohiyo. Ziweke kando, bandika maandishi yanayoonekana kuwa ni za kwenda kurejelezwa, na tunza risiti ya aliyezichukua. Risiti hiyo ndiyo wakili wako.

WAZO LA KONTENA

Sasa niseme lile ambalo watu wanalisema pembeni. "Kwani tabu ya nini? Tunazifunga kwenye kontena na magodoro na friji, tunapeleka nyumbani. Kule hakuna aliyekataza."

Ndugu zangu, hapana.

Kwanza kisheria na kiusalama ni hatari. Betri za lithiamu ni mzigo wa hatari katika usafirishaji, zina masharti yake ya kufungasha na kutangaza. Ukizificha katikati ya magodoro ya watu zikawaka baharini, hiyo siyo hasara yako peke yako, ni mali ya familia 30 ndani ya kontena moja. Na kama zimeshakwisha au zimeharibika basi ni taka za umeme, na tangu Januari 1, 2025, Mkataba wa Basel unataka taka za umeme zote zisivuke mpaka bila nchi inayopokea kuarifiwa na kukubali kwanza.

Pili, tuangalie zinakwenda kuishia wapi. Uingereza yenye mapipa ya rangi nne na magari ya taka kila wiki imeshindwa kuzidhibiti. Dar zitaishia Pugu Kinyamwezi, Nairobi zitaishia Dandora. Kule anayezikuta siyo mashine, ni mama au kijana anayeokota chuma na chupa ili apate hela ya unga. Na kabla ya kufika dampo zitakuwa zimepita mkononi mwa mtoto wa shule, kwa sababu zitauzwa rahisi.

Tuliwahi kulalamika sana kuhusu kompyuta mbovu na nguo chakavu kuletwa Afrika kama msaada. Safari hii anayeleta asiwe mmoja wetu.

HALAFU KUNA USHURU

Aliyedhani marufuku ndiyo mwisho wa habari hajasoma bajeti. Kwenye bajeti ya Oktoba 2024 serikali ya Uingereza ilipanga ushuru mpya wa kimiminika cha vepu, pauni 2.20 kwa kila mililita 10, tarehe ya kuanza ikiwa Oktoba 1, 2026. Juu yake kuna VAT ya asilimia 20, kwa hiyo ni pauni 2.64 kwa chupa. Chupa iliyokuwa inauzwa pauni 4 inasogea karibu na 7 kama hakuna anayebeba hasara njiani. Podi ya mililita 2 inabeba peni 44 za ushuru, na VAT juu yake inafika karibu peni 53.

Na bidhaa lazima ziwe na stempu ya ushuru, kama tunavyoijua kwenye soda na bia kwetu. Mzigo wa zamani usio na stempu umepewa muda wa kuuzwa mpaka Machi 31, 2027, kisha basi. Maana yake ni nini? Ni hesabu ileile ya vepu 400 na wiki 8, ila safari hii ni ya chupa. Aliyeumia Juni 2025 hana kisingizio cha kuumia tena. Tena mwenye duka ajihadhari na chupa za bei ya ajabu zinazouzwa kwenye buti la gari. Stempu zikianza kudaiwa, mzigo wa magendo utajulikana kwa macho.

MSIMAMO WANGU

Mimi naunga mkono marufuku ya vile vya kutupa, lakini siungi mkono kwa asilimia mia namna ilivyosimamiwa.

Naunga mkono kwa sababu hakuna hoja ya maana ya kutengeneza betri ya kutupa. Na wataalamu wa afya wa kule wamesema mara nyingi kuwa vepu ina madhara madogo kuliko sigara kwa mtu mzima anayetaka kuacha sigara, lakini asiyevuta asianze na mtoto asiguse. Vepu ya kujaza inamtosha huyo anayeacha sigara.

Ila tatizo liko hapa. Baada ya Juni 1 viwanda vilevile vilitoa vifaa vinavyofanana kabisa na vya zamani, rangi zilezile, bei karibu ileile, tofauti ni tundu la chaji na podi ya kubadilisha. Mteja asiyeelekezwa anavuta, anatupa, ananunua kingine. Sheria imetimizwa, pipa limejaa. Na anayeuza magendo anaendelea, maana pauni 200 kwake ni gharama ya biashara. Anayebanwa kweli ni yule mwenye duka la halali, anayelipa pango na kodi. Kama serikali inataka sheria iheshimike, ikague sana na iwaze upya ile faini ya kwanza.

Kenya muswada wa kubana tumbaku na vepu ulifikishwa Seneti mwaka 2024. Tanzania siku ikifika, naomba viongozi wetu wakumbuke siku 53 za mifuko. Tarehe itangazwe mapema, tafsiri ya kinachokatazwa iwe wazi kwa Kiswahili ambacho muuza duka anakielewa, na paandaliwe mahali pa kupeleka mabaki. Siyo kutangaza leo, kesho mgambo wanakimbizana na machinga Kariakoo huku mwagizaji mkubwa hajaguswa.

Na wewe mwenye duka usisubiri tangazo. Leo jioni ukifunga, hesabu zilizopo, gawa kwa unazouza kwa wiki, andika namba hiyo ukutani. Hiyo ndiyo idadi ya wiki ulizonazo.

Naomba kuwasilisha. Mlioko Uingereza mliopitia hili dukani, tupeni ukweli wa mambo hapa chini. Mlibakiwa na mzigo? Wateja walihama au walibaki? Na mlioko nyumbani mnaouza, mna mpango gani? Matusi hapana, hoja ruksa.